Forodhani Pangani

Gari la Pangani haliondoki Tanga mpaka lijae, na nani aamue kwamba limejaa ni mjadala wa nusu saa. Kondakta anasema bado wawili. Abiria wanasema hao wawili wamekwishapanda tangu zamani, ndio hao wamekaa juu ya magunia. Mimi nilikuwa nimebanwa dirishani, begi magotini, na kando yangu mama mmoja mtu mzima amepakata kikapu chenye jogoo. "Sogea kidogo, mwanangu," akaniambia, "huyu naye kalipiwa." Nikadhani ni mzaha. Kondakta alipopita kukusanya nauli nikaona mama katoa noti yake na sarafu za jogoo, bila kunung'unika, kama mtu aliyezoea kwamba kinachokwenda Pangani hulipa mlangoni.

Nilikuwa nakwenda kwa ajili ya daraja. Serikali inajenga barabara ya pwani itakayotoka Tanga, ipite Pangani na Saadani, itokee Bagamoyo, na katikati yake lipo daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Tangu mji huo uwepo, mto umevukwa kwa mtumbwi, kwa ngalawa, kisha kwa kivuko. Nikataka kuvuka na mimi, hata mara moja, kabla kivuko hakijawa hadithi ya kusimulia wajukuu.

Ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Lami imefika sehemu kubwa, na pale isipofika gari linashuka kwenye njia ya mchepuko, vumbi linaingia, madirisha yanafungwa, joto linapanda, madirisha yanafunguliwa tena. Ukitoka mjini Tanga hujakaa sawasawa unapita Machui, ambako katika kijiji cha Vibambani alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Nilitazama nje nikaona minazi, mihogo, na watoto wa shule wakitembea kwa foleni pembeni mwa barabara. Mbele kidogo ni Tongoni, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya zamani zaidi ya arobaini, mengine yakiwa na nguzo. Karibu na pwani hiyo hiyo Vasco da Gama aliichoma meli yake mwenyewe, São Rafael, mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha meli zote. Nilimwambia yule mama habari hii. Akasikiliza kwa adabu, akaniuliza, "Na mbao zake nani alizichukua?" Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo naona ndilo swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu Wareno.

Katika mwendo huo mfupi unapita mikononi mwa halmashauri tatu: Jiji la Tanga, kisha Muheza pale Kigombe penye wavuvi, kisha Pangani. Mpaka huuoni. Unaona kibao, na pengine geti la ushuru.

Mji umekaa ukingo wa kaskazini wa mto, kwenye ardhi tambarare iliyo chini sana hivi kwamba maji yakijaa unaona majahazi yako juu kuliko baraza za nyumba. Ng'ambo ya pili ni Bweni, na kule ardhi inainuka ghafla kuwa kilima chenye miti. Ukisimama ufukweni unaelewa mara moja kwa nini watu walijenga hapa: mto ni mpana, maji yametulia, jahazi likishaingia ndani bahari haiwezi kulifanya lolote. Unaelewa pia kwa nini mji haukuwa mkubwa. Mdomoni pana fungu la mchanga, na meli kubwa haivuki fungu. Jahazi linavuka, mashua inavuka, meli ya chuma inabaki nje inatazama.

Maji yenyewe yametoka mbali. Mto Kikuletwa unaleta ya Meru, mto Ruvu unaleta ya Kilimanjaro, inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, na kutoka hapo ndipo unaitwa Pangani. Kila anayekaa kando yake anachota kwanza. Wachaga wana mifereji yao ya tangu mababu, wenye mashamba makubwa wana pampu, na umeme nao una sehemu yake: Hale megawati 21, na mtambo mpya wa Pangani Falls, tangu 1995, megawati 68. Kinachofika mjini ni masazo. Na bahari haina tabia ya kuacha nafasi wazi. Mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi yanapanda bondeni, na mahali palipokuwa na mnazi mzuri au shamba la mpunga unakuta ardhi imekufa. Watu wa juu wanazungumza habari za mgao wa maji, huku chini wanazungumza habari za chumvi, na mto ni mmoja.

Kisiwa cha Maziwe, kilicho baharini kusini mashariki ya mji, ni mfano mwingine. Kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, kikiwa na miti, na kasa wakitaga chini yake. Haikupita miaka mingi miti yote ikaanguka, mmoja baada ya mwingine, bahari ikala udongo. Leo ni fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa hawakuambiwa. Wakitaga pale, mayai yanaharibiwa na maji, basi watu wa uhifadhi huyahamishia bara, kwenye mchanga mkavu.

Nilifikia nyumba ya wageni ya chini, nikaoga, nikatoka. Barabara ya maduka ya zamani ya Kihindi bado ina vibaraza vyake na milango ya mbao. Nyumba nyingine zimefungwa, nyingine zimeota mtini ukutani. Kwenye baraza moja palikuwa na mzee anauza kahawa, dele lake juu ya makaa, vikombe kwenye beseni la maji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, baba. Watoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Waja leo waondoka leo, au walala?"

Nikamwambia nalala. Akanimiminia kikombe, akanisogezea kashata. "Umekuja kwa Abushiri au umekuja kwa kasa?" Ndio wageni anaowajua, wa aina hizo mbili. Nikamwambia nimekuja kwa daraja. Akacheka mpaka akashika goti. "Daraja hilo hata halijaisha, lishapata wageni!"

Nilimuuliza serikali ya Pangani iko wapi, nikimaanisha ofisi za halmashauri. Akanyoosha kidole mtoni, kwenye nyumba za zamani za ukingoni. "Ilianzia pale. Forodhani." Sikulichukua kuwa jambo kubwa. Nilikuja kulikumbuka usiku, nikiwa nimelala chini ya chandarua, nikajikuta nahesabu serikali zilizopita hapa.

Kwanza, kabla ya Sultani, palikuwa na majumbe. Ujumbe wa pwani hii ulikuwa cheo cha kulisha watu. Ukoo peke yake haukutosha; mtu alipaswa kuchinja, kupika, kupiga ngoma, kugawa nguo, mji ule na kushiba na kusema huyu anafaa. Aliyekwisha kula alikuwa na haki ya kulalamika, na majumbe walilijua hilo. Jumbe naye alipata hongo kutoka kwa misafara ya bara iliyoteremka na pembe. Misafara hiyo ilifuata bonde la mto, ikitoka Usambaa na Umasai na Kilimanjaro, na mwisho wa bonde ni hapa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwanzoni mwa 1857, kabla ya safari yao kubwa ya maziwani, walipita njia hiyo hiyo kupanda Vuga kumwona Kimweri, mfalme wa Usambaa.

Pili, Busaidi wa Unguja. Sultani alimweka liwali, akaweka askari wachache, lakini alichokuwa anakitaka hasa ni forodha. Na forodha hiyo hakuisimamia mwenyewe. Forodha ya pwani yote alikuwa akiikodisha kwa mfanyabiashara wa Kihindi, nyumba ya Jairam Shivji kwa miaka mingi na baadaye Taria Topan. Mkodi alimlipa Sultani fedha iliyokatwa kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru wake bandarini, kikizidi chake, kikipungua hasara yake. Kama mtu akodishavyo minazi: mwenye shamba anachukua fedha yake mapema, mkwezi anajijua na kilele.

Zama hizo bonde lilikuwa la sukari. Waarabu waliokuwa na mitaji, na wengine waliokopa kwa Wahindi, walilima miwa kandokando ya mto, wakasaga na kupika, sukari guru na asali ya miwa ikaenda Unguja na Uarabuni. Kazi yote hiyo ilifanywa na watumwa. Kupika miwa hakusubiri: ikishakatwa lazima isagwe, ikishasagwa lazima ichemke, usiku na mchana. Wengi walitoroka, na vijiji vya watoro vikaota porini, vikiishi kwa kulima, kufanya biashara na kupigana na waliokuja kuwarudisha. Ndani ya mji kuna boma la zamani, lenye milango ya nakshi, ambalo wenyeji wanalisema lilijengwa na Mwarabu tajiri mwanzoni mwa karne ya 19, na kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya nguzo zake ili nyumba isimame. Hadithi kama hiyo utaisikia pwani karibu kila penye jumba kubwa. Siithibitishi. Lakini nilipokwenda kulitazama asubuhi, nilijikuta napita mbali na nguzo.

Tatu, ile ya 1888, na hapa mzee wa kahawa alikuwa na haki kabisa ya kunyoosha kidole pale aliponyoosha. Mwezi Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki: kampuni itaendesha utawala wa pwani kwa jina la Sultani, na itakusanya ushuru wa forodha, kwa miaka 50. Yaani mkodi amebadilika tu. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mkodi huyu, alipofika mwezi Agosti, hakutaka ufunguo wa ghala peke yake, alitaka bendera.

Mwakilishi wa kampuni hapa Pangani alikuwa Emil von Zelewski, kijana wa jeshi, mkali bila akili. Liwali alikataa kumtambua na kupandisha bendera ya kampuni. Zelewski akaita manowari iliyokuwa nje ya fungu, wanamaji wakashuka, mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa, na katika kumtafuta liwali askari wakaingia msikitini na viatu. Masimulizi yanaongeza na mbwa. Ilikuwa siku za Idi kubwa. Nimekwishasoma watu wakieleza vita vile kuwa ni vita vya wafanyabiashara wa utumwa waliochelea biashara yao. Walikuwamo, sikatai. Lakini mtu akija kwenu siku ya Idi, akakata bendera, akaingia msikitini na viatu, halafu akakwambia kuanzia leo kila kitu unacholeta na unachotoa unanilipa mimi, hahitaji kukuchokoza kwa lingine. Mwezi Septemba watu wa mji, na waliomiminika kutoka mashambani na bara, wakamfungia Zelewski ndani ya nyumba. Aliokolewa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa jeshi la Sultani, akasafirishwa Unguja. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1891, akaongoza kikosi kwenda Uhehe, akiwa amekwishapewa jina la Nyundo. Wahehe wakammaliza Lugalo pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Pangani ilipopata habari sijui ilifanya nini. Ninaweza kukisia kwamba kahawa ilinyweka.

Katika vita vya pwani jina lililobaki ni la Abushiri bin Salim al-Harthi. Alikuwa na shamba la miwa karibu na mji, alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Busaidi, hakuwa mtu wa kuagizwa na Unguja. Wajerumani walimleta Hermann Wissmann na askari wa kukodi kutoka Sudani na wengine kutoka kusini. Julai 1889 manowari zikaipiga Pangani kwa mizinga na mji ukachukuliwa. Abushiri alihangaika bara, akatolewa na jumbe aliyekuwa amemkimbilia, akaletwa hapa, akanyongwa tarehe 15 Desemba 1889.

Sasa hivi kuna kata inaitwa Bushiri. Ina diwani wake, na kila robo mwaka, baraza la madiwani linapokaa, Bushiri inajibu "nipo" kikaoni. Sijui kama kuna kumbukumbu ya chuma au ya mawe inayoweza kuizidi hiyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, nami nitakwenda haraka. Mjerumani akaweka liwali wake, maakida chini yake na majumbe chini ya maakida, akatoza kodi ya nyumba kuanzia mwisho wa miaka ya 1890. Jumbe aliyekuwa analisha mji akageuka kuwa mtu wa kuuandikisha. Reli ikaanza kujengwa mwaka 1893, na ikaanzia Tanga, ambako maji ni marefu na meli inaegesha. Ilipofika Mombo mwaka 1905, kisha Moshi miaka michache baadaye, mzigo wote uliokuwa ukiteremka bondeni ukapanda garimoshi. Hakuna aliyeipiga Pangani kwa mizinga safari hii. Walipitisha tu njia mahali pengine.

Waingereza wakaja wakati wa vita kuu ya kwanza, forodha ikaendelea. Na hapa nilikaa kitandani kabisa, kwa sababu nilimkumbuka yule wa Machui. Shaaban Robert aliajiriwa karani wa forodha mwaka 1926, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyotumikia. Basi mtu aliyekuja kuitwa baba wa fasihi ya Kiswahili naye alikaa ukingoni mwa mto huu na daftari la ushuru mbele yake, akiandika magunia mangapi ya mbata, chupa ngapi, marobota mangapi. Napenda kufikiri kwamba upande wa pili wa daftari ulikuwa na mambo mengine.

Asubuhi ya pili nilipita ofisini. Utawala wa leo unaelezeka kirahisi ukikaa na mtu anayeufanya, na mimi nilikaa na kijana mmoja wa ofisi ya kata, ambaye alinichorea kwenye karatasi. Kuna mikono miwili. Mkono wa kwanza unatoka juu: Rais anamteua Mkuu wa Wilaya, chini yake Katibu Tawala, maofisa tarafa, ulinzi na usalama. Mkono wa pili unatoka chini: kitongoji kinachagua mwenyekiti wake, kijiji kinachagua halmashauri ya kijiji, kata inachagua diwani, madiwani wanamchagua mwenyekiti wa halmashauri kati yao. Uchaguzi wa vijiji na vitongoji wa mwisho ulikuwa Novemba 2024. Mikono hiyo inakutana mezani kwa Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ni mteule wa Rais lakini ni katibu wa baraza la wachaguliwa. "Yeye ndiye anaumwa kichwa," kijana akasema, akakizungushia cheo hicho kiduara.

Mfumo huu si wa zamani kama unavyoonekana. Machifu na maliwali waliondolewa kisheria mara baada ya uhuru. Mwaka 1972 serikali ikafuta hata halmashauri zenyewe, katika Madaraka Mikoani, na kwa miaka kadhaa wilaya iliendeshwa na wataalamu wa serikali kuu bila diwani. Sheria Na. 7 ya 1982 ndiyo iliyozirudisha halmashauri za wilaya, zikaanza kazi 1984. Kwa hiyo mzee wa miaka 70 hapa Pangani ameona halmashauri ikifa na kufufuka, na ukimwambia habari za taasisi imara anakutazama.

Wilaya nzima ilikuwa na watu 54,025 kwa sensa ya 2012. Ndiyo kusema ni ndogo kuliko kata kadhaa za Dar es Salaam zikiunganishwa, na chungu chake cha mapato ni kidogo vivyo hivyo: nazi, mkonge, samaki na dagaa, korosho, ufuta, mifugo, hoteli chache za ufukwe wa Ushongo. Kodi ya kichwa ilifutwa 2003, na watu wakaimba. Ushuru wa mazao ukapunguzwa 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja hatozwi. Katika kinachopatikana, asilimia 10 inatakiwa ikopeshwe bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mishahara, barabara, dawa, hizo zinategemea Dodoma. Kijana alieleza haya yote bila kulalama. Nilimuuliza wanakusanyia wapi. Akataja mnada, mwalo wa samaki, mageti. Kisha akasema, "Na kule kivukoni wanapita wengi." Nikacheka peke yangu.

Kivukoni nilifika saa nne. Kivuko kilikuwa ng'ambo, kwa hiyo tukakaa. Kukaa huko ndiko soko la Pangani lenyewe. Wanawake wana meza za chapati, mihogo ya kukaanga, pweza wa kuchoma, miwa iliyomenywa. Vijana wana vocha na soda. Mwenye bodaboda anatengeneza mnyororo. Abiria wa Mkwaja na Kipumbwi wanaulizana nani kafa na nani kaoa. Kule kusini kuna vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Saadani, na mtu akitaka hospitali ya wilaya, benki au mahakama lazima avuke. Ndiyo kusema kusini yote ya wilaya hupita kwenye meza hizi za chapati.

Nilinunua mbili. "Bibi," nikamuuliza muuzaji, "daraja likiisha utahamia wapi?"

"Magari yatasimama wapi?"

"Hayatasimama. Yatapita."

Akageuza chapati. "Basi nitakaa yatakapopita nione kama hawana njaa." Halafu, baada ya kitambo, akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, "Mjukuu wangu ana mimba ya miezi saba. Akishikwa na uchungu usiku, likiwapo daraja, si nitafurahi?" Akanipa chenji. Sikuongeza neno.

Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Upepo wa kusi unapiga, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na ukigeuka unauona mji wote kwa mstari mmoja: ukuta wa mawe, mabati yenye kutu, mnara wa msikiti, minazi. Upande wa Bweni nilipanda kilima, kisha bodaboda ikanipeleka Mwera kutazama Kikogwe, kwa sababu hapo ndipo pana mwanzo mwingine.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilisafiri mpaka Hamburg na kuja huku, na iliyofika hai ilikuwa 62. Hiyo 62 ikapandwa Kikogwe. Mkonge wote ulioota kutoka hapo, uliojaza Tanga na Morogoro, ulioifanya Tanganyika iongoze duniani, uliowaleta Wamakonde na Waha na Wanyamwezi na Warundi kufanya kazi ya manamba na kuacha wajukuu wao katika kila mji wa mkoa huu, ni uzao wa miche hiyo. Miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na mkonge ukaanguka. Nilisimama kando ya shamba. Mistari imenyooka mpaka macho yachoke. Dereva wa bodaboda, kijana wa hapo, alikuwa hajawahi kusikia habari za 62. Akahesabu kwa kidole mstari uliokuwa karibu nasi, akasema, "Yaani kama huu na nusu." Basi.

Niliporudi mjini mzee wa kahawa alikuwa pale pale. Nikamwambia nimeielewa forodha yake. Akasema si yake, yeye babu yake alikuwa hamali. Akanishauri nisiondoke bila nazi, za Dar hazina tui. Nikanunua kumi na mbili, zikafungwa kwenye mfuko wa sandarusi.

Kesho yake gari la kurudi Tanga lilisimamishwa kwenye geti. Mbele yetu kulikuwa na fuso limejaza nazi mpaka juu ya bodi, dereva ameshuka, mashine inatoa risiti ndefu kama ulimi wa kenge. Binti aliyeshika mashine akaja kwetu, akachungulia, akauona mfuko wangu katikati ya miguu.

"Za nani hizi?"

"Zangu."

"Ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akanitazama, akazitazama nazi. "Kumi na mbili tu, umetoka nazo Pangani?" akasema, akampigia kondakta bodi ya gari kwa kiganja. "Pita."